Saa za Kugeuzwa

Kabla ya kulala kitandani miezi kumi na moja, mimi nilikuwa mtu wa kuonekana. Niliacha shule darasa la sita nikaanza kubeba ndizi kwa baiskeli kutoka Nyamache mpaka Keumbu, mikungu mitano safari moja, na anayejua milima yetu anajua ninasema nini. Leo nina malori mawili na maduka matatu. Hakuna mtu alinishika mkono. Wenye diploma wanakuja kwangu kuomba kazi ya kupakia.

Na barabara sikuisahau. Wenzangu wanne niliokuwa nikipanda nao baiskeli wako kaburini, wote waligongwa kutoka nyuma. Kwa hivyo nilianzisha kikundi cha kutetea watembea kwa miguu na wapanda baiskeli. Wengine watawaambia tulianzisha pamoja. Sawa, tulikuwa watu tisa siku ya kwanza, lakini nyumba ilikuwa yangu na chai ilikuwa yangu. Nikawa mwenyekiti. Katibu alikuwa kijana wangu wa kwanza, Evans, ambaye ameoa na wakati huo alikuwa anakaa hapo hapo bomani. Naibu wangu alikuwa Mokua, fundi wa baiskeli pale Keumbu. Mokua nimemzidi miaka kumi, lakini kwa hesabu ya ukoo yeye yuko kwenye kizazi cha babu yangu. Kwa hivyo ananiita mjukuu, na ananitania atakavyo.

Siku niliyoumia ilikuwa siku ya soko. Tulikuwa tunapanga mawe yaliyopakwa chokaa kando ya lami, ili magari yajue mwisho wao ni wapi na watu wapate pa kupita. Wanakikundi wote walivaa jaketi za kung'aa. Mimi nilikuwa na suti ya kijivu. Mokua akaniletea jaketi.

"Hiyo ni ya wafanyakazi," nikamwambia. "Mimi magari yananijua."

"Mjukuu, breki haijui mtu," akasema.

Nikaingia barabarani, nikainua mkono kusimamisha lori ili akina mama wavuke na mizigo yao. Lori likasimama. Gari dogo lililokuwa nyuma yake halikusimama, likapitia upande wangu.

Sikusikia uchungu. Nilisikia kama mtu amevunja muwa ndani ya kiuno changu. Nilipojaribu kuamka, miguu ilikuwa imelala pale mbele yangu kama ya mtu mwingine. Mokua alilala chini kwenye lami kando yangu, akashika kichwa changu kisisonge mpaka gari la hospitali likaja. Aliniambia, "Usiamke, hata kama wewe ni mwenyekiti."

Hospitalini, Kisii mjini, daktari alikuja na picha akaiinua kwenye mwanga. "Mfupa umevunjika huku chini. Uti wa mgongo haukukatika, umebanwa. Unaweza kutembea tena, na unaweza usitembee. Sitakudanganya." Wakanipasua wakaweka vyuma. Wakaniwekea mpira wa mkojo. Choo kikubwa kilikuwa kinatoka chenyewe bila kuniuliza, na sista anakuja kupangusa huku akiongea mambo ya hali ya hewa. Mimi niliyeajiri watu ishirini nilikuwa naangalia ukuta.

Aliyenifanyisha mazoezi ya viungo alikuwa dada wa kutoka upande wa ziwa, anaitwa Achieng'. Siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani alikaa kwenye kiti karibu na uso wangu.

"Mzee, adui yako sasa si mgongo. Ni kitanda. Huko nyuma husikii, kwa hivyo nyama inaweza kuoza na usijue. Kila saa mbili mtu akugeuze, akuoshe, akukaushe. Akimaliza, atie alama hapa." Akanipa karatasi yenye mistari ya saa.

"Nina watu wengi," nikamwambia.

"Si lazima wawe wengi. Akuwe mmoja na asisahau."

Sasa hapa lazima nieleze jambo, maana msomaji wa mbali hataelewa. Sisi Abagusii tuna kitu tunaita chinsoni. Ni heshima na ni aibu, vyote pamoja. Baba na kijana wake hawaonani uchi. Kijana akishapashwa tohara, chumba cha kulala cha baba yake si mahali pake. Na mke wa kijana ndio usiseme. Babu na mjukuu hawana shida hiyo, hao wanaweza kuongea lolote. Lakini baba na mtoto, hapana. Nimelelewa hivyo na nimelea hivyo.

Mke wangu ndiye aliyebaki na biashara ya ndizi, na dawa zangu zilikuwa zinatoka huko. Alikuwa ananigeuza usiku, kabla ya kwenda sokoni alfajiri, na akirudi jioni. Mchana wote alimwachia Evans.

Siku ya kwanza Evans alikuja saa tatu asubuhi na beseni la maji ya moto. Alisimama mlangoni, anaangalia vidole vya miguu yake.

"Tata, mama amesema nikugeuze."

"Mama yako amesahau wewe ni nani kwangu."

"Daktari amesema kila saa mbili."

"Daktari si wa kwetu. Ukivuka hapo mlangoni, usiniite baba tena."

Akaweka beseni chini akaenda.

Mke wangu nilimwambia kuna mwanakikundi anakuja mchana. Evans nikamwambia mama yake ametafuta mtu. Na ile karatasi nilikuwa naijaza mwenyewe. Kila jioni nachukua kalamu natia alama zote, saa tatu, saa tano, saa saba, saa tisa. Zilikuwa alama nzuri, zimenyooka. Mtauliza kwa nini sikuajiri mtu. Kuajiri mtu wa kukupangusa ni kutangaza, na mimi nilikuwa nimewaambia watu wote kwamba baada ya miezi miwili nitakuwa barabarani.

Wageni walikuja. Nilivuta blanketi mpaka kifuani nikawapigia hadithi. Wiki ya tatu nikaanza kusikia harufu. Nilidhani ni panya amekufa darini, nikamtuma mtu atafute. Halafu nzi wakaja. Nikamwambia mke wangu aninunulie manukato. Alikuwa anarudi amechoka, ananigeuza kwa taa ndogo, anaona godoro limelowa, anafikiri ni mkojo. Akiniuliza, nasema ni mkojo. Wiki ya nne nikatetemeka na homa mpaka meno yakagongana.

Achieng' alikuwa na zamu ya kutembelea wagonjwa manyumbani. Aliingia, akasimama, akafungua dirisha kabla ya kunisalimia. Akainua shuka, akaangalia.

"Nani hukugeuza mchana?"

"Watu wangu."

Akachukua karatasi. "Hawa watu wako wote wana mkono mmoja na kalamu moja?"

Akaiweka karatasi chini.

"Mzee, hapa juu ya matako kuna shimo. Ngumi yangu inaingia. Naona mfupa."

Nikarudishwa hospitali. Walikata nyama iliyokufa bila kunidunga sindano ya ganzi, kwa sababu huko nyuma hakukuwa na uchungu wa kuzuia. Nilikuwa nasikia makasi tu, kama mtu anakata kitambaa. Usaha ulitoka ukajaza bakuli. Mgonjwa wa kitanda cha pili aliomba ahamishwe, na sikumlaumu. Nikaacha kula. Mke wangu akileta uji nageuza uso. Nilimwambia auze malori anunue jeneza zuri, basi. Alinijibu, "Jeneza utalalia mgongo pia." Halafu akalia. Nilikuwa nataka kufa, naandika hivyo ilivyokuwa. Kila asubuhi nilifungua macho nikakasirika kwamba nimeyafungua.

Daktari alituambia wazi: "Usaha ukiingia kwenye damu mara ya pili, hatutamrudisha. Huyu ageuzwe, la sivyo mtamzika." Baada ya wiki saba wakanirudisha nyumbani na karatasi mpya.

Safari hii tuliajiri mtu. Siku ya kwanza alitapika. Wa pili alikaa siku nne, na siku ya tano soko zima la Keumbu lilikuwa linajua shimo langu lina ukubwa gani. Nikamfukuza. Hapo ndipo mke wangu alikwenda kwa Mokua bila kuniuliza.

Mokua alikuja na beseni na kitambaa begani, akaingia moja kwa moja mpaka kitandani.

"Mjukuu, geuka nione mali."

"Toka, Mokua."

"Nitoke niende wapi? Mimi ni babu yako. Mimi ndiye nilipaswa kukuchagulia jina." Akanigeuza kwa mikono yake migumu ya fundi. Akaangalia. Nikamsikia anameza mate. Halafu akasema, "Kumbe mwenyekiti ana matako kama ya watu wengine. Nilifikiri yako yana vigae."

Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu niumie, na kicheko kikageuka kilio, akaendelea kuosha kama hasikii.

Alikuja hivyo wiki tisa. Alikuwa anafunga kibanda chake na kutembea kando ya lami mpaka kwangu, saa tatu, saa tano, saa saba na saa tisa. Mimi nilikuwa nimemwita mfanyakazi siku zote. Alikuwa ananipa habari za kikundi: mawe yetu yamegongwa na magari, mengine yamebebwa kujengea, watu hawaji mkutanoni. "Tumebaki wanne, na wewe ukiwa wa tano umelala." Lakini kidonda kilianza kuwa chekundu pembeni, na Achieng' akasema nyekundu ni nzuri.

Halafu Jumanne moja Mokua hakuja. Pikipiki ilikuwa imemgonga akirudi kwake, pale pale ambapo hakuna pa kupita mtu. Mfupa wa bega ulivunjika na mkono ukafungwa kifuani. Alikuwa akitoka kuniosha mimi.

Mke wangu alikaa nyumbani siku tatu. Siku ya nne bandeji ziliisha na ndizi zilikuwa zinaiva kwenye lori. Alinigeuza alfajiri, akaniangalia kwa muda, akaenda. Hakuniambia nifanye nini. Alikuwa amechoka kuniambia.

Nililala hapo. Saa mbili zikapita, saa nne zikapita. Nilikuwa najua sasa kinachofanyika huko chini, ingawa sikisikii. Ile harufu ilikuwa inaanza. Kufikia saa sita mchana niliona mambo ni mawili tu, kufa au kuita, na lile la kwanza nilikuwa nimelitamani kwa miezi, lakini lilipokaribia kweli sikulitaka.

Nikaita, "Evans."

Hakuchukua hata dakika. Alikuwa ameketi sebuleni, nyuma ya ukuta wangu. Baadaye mke wake aliniambia kwamba alikuwa akikaa pale kila mchana ambao hakuwa na kazi, tangu niliporudi kutoka hospitali mara ya pili, akingoja niite. Mimi nilikuwa sijui.

Akaja na maji. Akafunga pazia. Akavuka mlango. Akanishika bega na kiuno, macho yake yakiwa ukutani, akanigeuza kwa kupapasa, polepole. Akatoa bandeji kwa kupapasa. Halafu mikono yake ikasimama.

"Tata," akasema, "siwezi kuosha bila kuangalia."

Nje kuku walikuwa wanapiga kelele. Nilikumbuka baba yangu, ambaye alikufa bila mimi kujua mgongo wake unafanana vipi.

"Angalia," nikamwambia.

Akaangalia. Nilijua kwa sababu alivuta pumzi. Akaosha, akakausha, akafunga vizuri kuliko hata Mokua. Akatia alama kwenye karatasi akatoka. Baada ya saa mbili akarudi. Miezi mitatu, kila saa mbili, hatukuongea hata siku moja ndani ya chumba kile.

Kidonda kilifunga. Ngozi ya hapo ni nyembamba kama ya kitunguu, lakini imefunga. Mwezi wa nane tangu niumie, kidole gumba cha mguu wa kushoto kilicheza. Mwezi wa kumi na moja nilisimama nikishika chuma cha dirisha, Achieng' akiwa nyuma yangu. Leo ninatembea kwa magongo mpaka barabarani. Mkojo bado unanitoroka na ninavaa nepi ndani ya suruali ya suti. Mguu wa kulia ninauburuta. Hivi ndivyo kupona kulivyo, msidanganywe.

Kuhusu barabara sina habari njema. Watoto bado wanatembea juu ya lami, na mwezi uliopita tumezika mama mmoja muuza mboga. Mokua hawezi kuinua mkono kupita bega, baiskeli anazitengeneza akiwa ameketi. Mkutano wetu ni watu wanne na wazee wawili wa magongo, mmoja wao mimi. Tunapanga mawe, yanagongwa, tunapanga tena. Kuna siku ninaona kazi hii haina mwisho isipokuwa kaburi.

Na Evans alihama. Siku niliyoweza kujigeuza mwenyewe aliacha kuingia. Halafu akaacha kula nyumbani kwangu. Halafu akapata kazi Kebirigo, akaenda na mke wake. Anasema ni kazi. Akija, ananisalimia kutoka uani, anaangalia pembeni, na mimi naangalia pembeni. Tuliona kile ambacho hakionwi na hatujui tukiweke wapi.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mke wangu, na Achieng', na Mokua ambaye amenikataza kumsifu. Wewe uliyelala mahali ukisoma haya, ukiambiwa saa mbili, ni saa mbili. Usitie alama ya uongo. Mtu akija kukugeuza, geuka, awe ni nani. Sikuambii haitakugharimu. Itakugharimu.

Kila siku saa sita mchana simu yangu inalia kutoka Kebirigo. "Tata, umegeuka?" Nasema, "Nimegeuka." Anakata. Hatujawahi kuongeza neno. Kumwambia asante ni kuitaja siku ile, na siku ile haitajwi mdomoni kati ya baba na mtoto. Ndiyo sababu nilipoombwa ushuhuda nilikataa kusimama mbele ya watu, nikasema nitaandika. Yeye anasoma kila kitu. Evans, asante kwa kuangalia.