Harusi ya Watu Kumi na Mmoja

Kama kuna mtu aliyejua kukamua katika bonde lote la Subukia mwaka wa hamsini na tatu, ni Hiram Mburu. Wale wengine walikuwa wakivuta chuchu tu, na maziwa yakatoka kwa huruma ya ng'ombe. Watu walisema Hiram angemkamua hata fahali, kama fahali mwenyewe angevumilia. Ndiyo maana mzungu wake, yule tuliyemwita Bwana Mabuti, hakutaka kumwona mbali na zizi hata siku moja.

Na Hiram alitaka siku moja tu. Siku ya kumwoa Wariara.

Mbuzi wa uchumba alikwisha kuwalipa, mmoja mmoja, kwa miaka minne, mpaka nywele za kisogoni zikaanza kumtoka. Sasa ilibaki kanisa. Lakini ilikuwa Emajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya wakoloni, na Wakikuyu wakikutana zaidi ya watano bila kibali cha ofisi, wanalala ndani. Hiram akaona ujanja, maana kijana aliyefika darasa la tatu la misheni hakosi ujanja: afanye harusi ndogo, ndogo kabisa. Watu wachache, kibali ni rahisi, na gharama pia inashuka.

Akapiga hesabu yake akiwa amekalia kigoda cha kukamulia. Gauni la kuazima kwa mke wa mwalimu, shilingi tano. Pete ya duka la Mhindi pale Nakuru, nane. Sukari na majani ya chai, sita. Mikate, nne. Beberu wa kuchinja, ishirini na tano. Gari la kuwapeleka kanisani ni bure: lori la maziwa lingewachukua, bibi harusi mbele na dereva, wengine nyuma na makopo.

"Arobaini na nane," akamwambia Kosgei, mwenzake wa zizini. "Mishahara mitatu, na harusi imekwisha."

Kosgei akacheka mpaka ng'ombe aliyekuwa akimkamua akageuza kichwa. "Nyinyi Wakikuyu harusi yenu ni kijiji kizima na mbwa wake. Hii yako ni harusi au unazika paka?"

"Wewe utakuja?"

"Nitakuja. Lazima mtu mmoja amlilie huyo paka."

Sasa hesabu ya mikate haiendi bila hesabu ya midomo. Jumapili Hiram akaenda kwa baba mkwe wake, Mzee Gakuru, nyumba za upande wa mto katika shamba hilohilo, akakaa chini, akasalimia vizuri, akanywa uji aliopewa. Kisha akauliza.

"Baba, upande wako watakuja wangapi?"

Mzee Gakuru akaweka kibuyu chake cha ugoro chini. "Umesema?"

"Wageni. Nijue sukari ya kununua."

"Kijana, nani alikufundisha kuhesabu watu? Hesabu viazi. Hesabu makopo ya maziwa ya mzungu wako. Watu wangu ukiwahesabu leo, unataka kesho abaki nani?"

Hiram akakumbuka nyumbani walivyomlea. Hata mama yake hakuwahi kutamka idadi ya watoto wake. Akiulizwa, alitaja majina na kunyamaza. Akaona haya.

Mama yake Wariara, jina lake Wangu, akamwokoa. "Baba Wariara, usimchome. Anataka tu kujua mikate."

"Basi aandike majina," mzee akasema. "Majina nitamtajia. Na huyo beberu awe wa rangi moja, asiwe na doa. Sitachinjiwa kitu cha madoadoa mbele ya wenzangu."

Akataja, Hiram akaandika katika daftari la miraba, ulimi nje kama mtoto wa shule: wana wawili wa mzee, dada yake, wazee watatu wa rika lake, yeye mwenyewe na mkewe. Hiram akaongeza mwalimu na Kosgei. Chini kabisa, kwa mwandiko uliolala vizuri: *beberu mmoja, mweusi, asiye na doa.* Wariara alikuwa mlangoni akisikiliza. Alipomsindikiza mpaka njiani alimwambia, "Una mwandiko mzuri, Hiram." Basi. Kwa maneno hayo manne mtu mzima alifika kwake akipiga mluzi.

Jumatatu akapeleka karatasi ofisini kwa Bwana Mabuti kuomba kibali. Angeweza kusema tu "watu wachache". Lakini mwandiko uliosifiwa utaufichaje? Akaiweka mezani. Nyapara, Peterson, akaisoma kwanza, polepole, kidole kikifuata mstari, akampa ofisa wa polisi aliyekuwa amepita kunywa chai. Kijana mdogo, mashavu mekundu.

"Hii nini?"

"Harusi, bwana."

"Mimi nakwisha ona harusi ya Kikuyu. Watu mia mbili, kelele, ngoma. Hii watu kumi na moja." Aliwahesabu kwa kalamu, mmoja mmoja, kwa sauti. "Na mbuzi moja nyeusi. Kwa nini hawa tu? Kwa nini hapana alika wengine?"

"Pesa, bwana. Na sheria."

"Na wewe? Jina yako wapi?"

Hiram hakuwa amejiandika. Nani hujialika kwenye harusi yake? Akajaribu kueleza, na kila alipoeleza iliharibika zaidi. Mwaka ule watu wachache na mbuzi mmoja lilikuwa jambo moja tu kwa polisi: kiapo cha wapiganaji wa msituni. Ofisa akaikunja karatasi akaitia mfukoni.

Siku ya pili lori likasimama kwenye nyumba za mto. Askari walisoma majina kutoka karatasi ileile. Jina la Kosgei walilikata kwa mstari, kwa kuwa hakuwa Mkikuyu. Wengine wote, Wariara akiwamo, walipandishwa na vyombo vyao, kwenda kambini Nakuru, halafu kwa treni mpaka rizavu, maeneo waliyotengewa Wakikuyu. Mzee Gakuru alipanda bila kusaidiwa. Hakumtazama Hiram.

Hiram akakimbia kwa Bwana Mabuti. "Bwana, niandike na mimi! Niende nao!"

"Wewe nakamua ng'ombe," Bwana Mabuti akasema, na hakusema vibaya. Alifikiri anamfanyia wema. "Wewe mtu mzuri. Wewe naleta karatasi."

Aliyasema hayo uani, mbele ya watu.

Tangu hapo hakuna aliyemwomba Hiram moto wala chumvi. Aliyeandika majina ni yeye, na aliyebaki ni yeye. Hata mtu asiyejua kusoma angeijumlisha hiyo. Kibali cha kusafiri aliomba mara tatu, akanyimwa mara tatu. Kosgei peke yake aliendelea kukaa naye zizini, naye mizaha ilikuwa imemwisha.

Miezi saba baadaye mfanyakazi mmoja wa reli alimletea salamu za Wariara, kwa mdomo. Mzee amekataza jina la Hiram lisitajwe nyumbani. Mzee mmoja kati ya wale watatu wa rika lake alifia kambini. Kuna mtu huko rizavu ameanza kuleta mbuzi wa uchumba.

"Hakusema neno lake mwenyewe?" Hiram akauliza.

"Alisema nikuulize moja. Jina lake walikulazimisha uliandike, au uliandika mwenyewe?"

Hiram akainamisha kichwa kwenye ubavu wa ng'ombe, akaendelea kukamua. Yule mtu akangoja mpaka kopo likajaa, kisha akaenda zake kuwahi treni. Jina la Wariara alikuwa ameliandika mwenyewe, la kwanza kabisa, kwa herufi kubwa.