Jedwali Lililobaki Bila Watoto

Fundi Waya, mtoto wa pili wa marehemu kaka yangu fundi cherehani, ndiye aliyevuta nyaya za hospitali yetu chumba kwa chumba, ndiye aliyefufua kompyuta ya famasi iliyomwagiwa dawa ya kikohozi, na ndiye aliyeingiza daftari la vizazi kwenye mashine. Wengine watajisifu, mimi nilikuwepo.

Mwaka huu karani wa vizazi alianza kelele. "Fundi, nikitafuta jina, mpaka lifunguke mtoto keshaota meno!"

Fundi akaiuliza seva ina injini zipi za kuhifadhia data. Ikamtolea orodha: jina la injini, kisha ndiyo au hapana kama inapatikana, kisha maelezo. Moja alishasikia kwa wenzake kwamba ina mbio. Akaona mbele yake pana ndiyo, akalihamishia jedwali la vizazi huko. Maelezo hakuyasoma. Hospitali nzima tuko hivyo, tukishaona ndiyo tunatia saini. Majina yakawa yanafunguka papo hapo, karani akamwita bingwa.

Zikapita wiki kumi na moja. Diski ya nakala ilikuwa imekufa, barua ya kuomba nyingine imelala mezani kwa mganga mkuu. Karatasi za wodini tulikuwa tunazichana zikishaingizwa, ndivyo tulivyoagizwa. Jumanne asubuhi umeme ukakatika. Betri ya seva ikalia mara mbili, ikanyamaza.

Nilikuwa napiga deki koridoni Fundi aliponiita. Umeme umerudi, jedwali lipo, vichwa vyote vipo: jina la mama, tarehe, saa, uzito. Chini yake peupe. Ameiuliza seva tena orodha ileile, na safari hii amesoma mpaka mwisho: injini ile huweka kila kitu kwenye kumbukumbu ya muda tu. Seva ikizimika, vyote vimekwenda.

"Si uvirudishe, baba?"

"Nivitoe wapi, Shangazi? Havikuandikwa kwenye diski."

"Hata kidogo?"

"Hata herufi."

Karani akachungulia mlangoni. "Bingwa, mama wa mapacha yuko dirishani, anataka karatasi ya cheti. Nimwambie hakuzaa?"

Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe. Fundi akabonyeza tena, orodha ikaja vilevile. Mtoto huyu alifungua redio ya baba yake akiwa na miaka saba akaifunga ikaimba; leo mikono imelala mapajani. Na mimi ningemsaidia nini? Nilishika mpini wa deki tu.

Mwishowe akavuta droo, akatoa kaunta buku mpya na kalamu.

"Shangazi, wewe hupitwi na mzazi wodini. Andika unaowakumbuka."

"Nakumbuka sura, mwanangu, na nani alilia sana. Saa na uzito sina. Majina ya baba zao nitayajulia wapi?"

"Andika hivyo hivyo," akasema, bila kunitazama. "Anza na mapacha."