Anayepima Karavani kwa Mgongo

Mlinzi wa kambi ya watalii pale Tororo haamini pima maji, kile kifaa cha mafundi cha kupimia usawa. Karavani, nyumba ya magurudumu, ikishafunguliwa kutoka kwenye gari linaloivuta, husukuma vibao chini ya gurudumu kwa kisigino, huvua viatu, hujilaza kitandani mwa mgeni na kufumba macho. Mildred, mfanyabiashara wa Busia ambaye mgongo ulimkosesha usingizi siku mbili, aliweka pima maji yake juu ya meza ya karavani yake. Kiputo cha hewa kilitulia katikati.

“Mzee, iko sawa. Nataka kulala.”

“Mama, hiyo napima meza. Wewe nalala juu ya meza?”

Mzee akaongeza kibao kimoja chembamba, akarudi kitandani. Mildred akachungulia: mzee anakoroma, mikono kifuani. Akaketi ngazini, akasubiri zamu yake.