Upande wa Kushoto wa Mke Wangu

Safari tano za hospitali, mbuzi watatu waliouzwa kulipia, kondoo mmoja wa kuomba radhi na miwani mbili zisizo na kazi. Nimehesabu mara mbili. Ndiyo gharama ya kuambiwa kwamba mke wangu hana kiburi.

Alianguka kutoka kwenye lori la shamba la ngano, huku Katesh, akajigonga kichwa. Kidonda kilipona. Kisha akaanza kuwapita wazee bila shikamoo. Si wote, baadhi. Mama yangu hukaa kushoto kwa mlango unapotoka, na kila asubuhi mkwewe alitoka akampita kama gogo.

"Huyu arudi kwao," mama akasema.

Baba mkubwa alipitwa mnadani, akatutoza kondoo. Nilimbembeleza achukue kuku. Akajibu kwamba heshima haiuzwi. Kwa kuku, nadhani.

Hospitali walimsomesha herufi za ukutani, akazimaliza. "Macho mazima, bwana." Mazima, lakini miwani wakaniuzia. Mara mbili!

Safari ya nne tulimkuta mwalimu mgeni, mama wa makamo, akifundisha wahudumu wa macho. Wanafunzi sita wakampima mke wangu kwa zamu: herufi, tochi, herufi. Sita, na hakuna aliyeuliza lile kovu la kwenye paji la uso limetoka wapi.

Mwalimu akamwambia amtazame puani, akachezesha kidole pembeni. Kulia akakiona. Kushoto, kimya.

"Mbona huniambii unakiona?"

"Kidole gani, mama?"

Mwalimu akawageukia wanafunzi. "Jicho halina kosa. Ubongo ndio umepoteza upande mmoja. Mnapima macho, mwenye macho hamumwulizi?"

Wakaandika kwenye madaftari. Miezi saba mke wangu aliniapia hajamwona mama, na miezi saba nilimwita mwongo.

Mwalimu akawaonyesha jinsi ya kumzoeza: ageuze kichwa kushoto kwanza, ndipo apige hatua. Itachukua muda, akasema.

Muda hatukuwa nao. Nyumbani nilimsihi mama ahamie kulia kwa mlango.

"Asome viherufi vya ukutani, asinione mimi? Na nihamishwe na mkwe?" Nguo za mke wangu alikwisha kuzifunga kwenye kanga.

Kesho yake nikarudi hospitali peke yangu.

"Shikamoo, mwalimu. Hawa sita umewafundisha. Mama yangu nimfundisheje?"