Nilivyoomba Maji Yanipunguzie Saa

Mbuzi nawahesabu mara mbili. Kwanza vichwa, halafu miguu, kisha nagawa kwa nne. Wenzangu wa mnadani walinicheka miaka mingi, mpaka siku hesabu ya miguu ilipopungua mmoja, ikaonekana tulikuwa tunauziwa mbuzi wa miguu mitatu aliyebanwa katikati ya wenzake ili asimame. Tangu hapo wananicheka kwa adabu.

Hiyo ndiyo kazi yangu: kununua mbuzi kwenye minada ya vijijini na kuwaleta Dodoma mjini. Kazi hii imenifundisha jambo moja kubwa, kwamba hakuna neno la mwisho. Mtu akikwambia "mwisho hapo," maana yake mazungumzo ndiyo yanaanza. Nimepatana bei ya mabati, ya kiwanja changu cha Nzuguni, hata mahari nilipatana mpaka wakwe wakaomba maji ya kunywa. Ndiyo maana sikuona ajabu kujaribu kupatana na bahari.

Ilianza na binti yangu. Ni mwalimu, alipangiwa shule kwenye delta ya Rufiji, kijiji kilichozungukwa na mikoko, akaolewa huko huko. Akajifungua mtoto wake wa kwanza, wa kike. Mama yangu, anayeishi shambani kwake upande wa Kongwa, alipopata habari hakusema hongera. Alisema, "Nitampakata mwenyewe."

"Mama, tusubiri mtoto akue kidogo, watamleta."

"Mimi ndiye ninayekua, siyo yeye. Panga safari."

Tatizo lilikuwa goti lake la kulia. Barabarani anatembea vizuri na fimbo yake. Palipo laini, goti linamtupa. Na kubebwa hataki. Alishasema mbele ya ukoo mzima kwamba siku atakayobebwa na wanaume ni siku moja tu, na siku hiyo hatakuwa na maoni.

Nikampigia binti kumuuliza njia.

"Baba, hapa kwetu maji yakipwa boti haifiki ufukoni. Inasimama kule mbali, mnashuka, mnatembea kwenye tope. Linafika pajani."

"Hatua ngapi?"

"Mia tatu na kumi."

"Umehesabu?"

"Mara mbili."

Ni mwanangu kweli. Lakini baada ya kukata simu nilipiga hesabu nyingine. Hatua mia tatu na kumi za tope la mapajani kwa mama yangu zilikuwa sawa na kumwambia hatafika. Angekaa ndani ya boti akitazama nyumba ya mjukuu wake kwa mbali, halafu tungegeuza.

Binti alinipa namba ya nahodha wa boti anayeaminika. Nikampigia nikiwa nimekaa barazani kwangu, kilomita mamia kutoka kwenye chumvi, mbele yangu vumbi na kuku wawili.

"Mwezi ujao, siku mwezi unapokuwa mpevu," alisema nahodha. "Huo wakati wa bamvua, maji yanajaa sana, tutafika mpaka kwenye ngazi. Tunaondoka saa nane mchana."

Saa nane sikuipenda. Jua kali, na tungepoteza asubuhi nzima gatini. "Nahodha wangu, tufanye saa mbili asubuhi."

"Saa nane, mzee."

"Sikiliza. Wewe umesema saa nane, mimi saa mbili. Tukutane katikati. Saa tano."

Upande wa pili wa simu nikasikia kicheko kidogo cha mtu aliyefunika mdomo. "Mzee wangu, ukiondoka saa mbili unafika kwenye tope. Ukiondoka saa tano unafika kwenye tope lenye maji juu yake, na hilo ni baya zaidi kwa sababu hulioni. Katikati ya maji kujaa na maji kupwa hakuna bei ya kukutana."

"Na tukija siku inayofuata?"

"Saa tisa kasoro dakika kumi."

"Inayofuata tena?"

"Hiyo ingekuwa saa tisa na dakika arobaini, lakini sikuchukui. Tutafika giza likiingia, na mimi gizani sipiti na mama mtu mzima."

Nikacheka moyoni. Namjua muuzaji wa namna hii: kila siku ukichelewa anapandisha, tena anapandisha kiasi kile kile ili uone ni utaratibu. Dakika hamsini, dakika hamsini. Kwa siku nne nilimpigia mara tano, kila mara kwa mlango mwingine. Nilimwambia nina haraka. Nilimwambia sina haraka. Nilimwambia mama mgonjwa wa jua, jambo ambalo mama akilisikia atanichapa, maana amelima juani tangu kabla sijazaliwa. Jibu halikubadilika. Saa nane.

Basi nikafanya anachofanya mnunuzi yeyote: nikatafuta duka la pili. Nahodha mwingine, namba nilipewa na dereva wa lori. Huyu alikuwa mtamu.

"Saa mbili asubuhi? Inawezekana kabisa, bosi."

"Na saa tano?"

"Hata saa tano."

Nikamwambia vizuri, tumekubaliana. Nikajisikia nimeshinda.

Wiki hiyo hiyo mama alikuja mjini kuangaliwa goti, akafikia kwangu. Jioni tumekaa uani, anachambua uwele wa uji wa mzazi, nikamsimulia ushindi wangu. Alisikiliza bila kuinua macho kutoka kwenye ungo.

"Huyu aliyekubali, ulimwomba mara ngapi?"

"Mara moja."

"Na yule aliyekataa?"

"Mara tano."

"Mara zote tano alisema saa ile ile?"

"Ile ile."

Akapuliza makapi. "Mbuzi ambaye mwenye naye anakubali bei ya kwanza, wewe unamnunua?"

Nina watoto wakubwa, nina nyumba ya tofali, na bado mama yangu anaweza kunikalisha chini kwa swali moja. Mbuzi wa namna hiyo humgusi. Ana kikohozi.

"Lakini mama, yule mwingine anapandisha dakika hamsini kila siku. Anasema maji yanafuata mwezi."

"Basi uliza mwezi," akasema.

Mwezi ulikuwa umepevuka jana yake. Nilikuwa natazama vilima vya mashariki, na hapo ukaanza kutokeza, mwekundu kwa vumbi letu, mkubwa kama sinia la harusi. Nikaangalia saa yangu. Saa moja na dakika tano. Sikuwa na nia yoyote. Ni tabia tu, kitu kikipita mbele yangu nakiandika.

Kesho yake nikakaa kiti kile kile, mahali pale pale. Saa moja na dakika tano, hakuna kitu. Na robo, hakuna. Mama anapika, ananiona nimekodoa macho kama mlinzi wa benki. Saa mbili kasoro dakika tano, ukingo wa mwezi ukagusa kilima.

Nikahesabu kwa vidole, kisha nikahesabu tena kwenye simu. Dakika hamsini.

Siku ya tatu sikuhitaji, lakini nilikaa. Hamsini tena. Yule nahodha hakuwa anapandisha chochote. Bei haikuwa yake. Ilikuwa inatoka hapa, nyuma ya vilima vya Dodoma, mahali ambapo mto wetu ni mchanga mtupu miezi minane ya mwaka, inapita juu ya bati langu na tenki la jirani, na huko mbali bahari nzima inasimama na kukaa kwa kuifuata. Nimekaa chini ya mwezi huo maisha yangu yote nikidhani ni taa.

Nikampigia yule mtamu kumwambia sitakwenda naye, nimechagua saa nane.

"Hata saa nane naweza, bosi," akasema.

Kisha nikampigia wa kwanza. Sikuomba punguzo. Niliuliza maboya ya kuvaa yako mangapi, akasema kumi na moja, abiria tisa. Niliuliza mafuta ya akiba, turubai, na mahali gani simu haishiki. Nikamwambia nitakuja na kiti cha plastiki kwa ajili ya mama.

"Kiti hapana, mzee. Kinamweka mtu juu. Boti inataka uzito uliolala chini."

"Hata kifupi?"

"Mzee."

"Haya, haya."

Mwezi uliofuata tukateremka kwa treni mpaka Dar, tukalala, kesho yake tukashika barabara ya kusini mpaka gatini. Tulifika saa sita, kwa sababu kuwahi ni haki yangu. Nahodha alikuwa kijana mwembamba mwenye kofia ya sufu kwenye joto lile. "Shikamoo bibi," akamwambia mama. "Marahaba, baba," akajibu, kisha akawageukia abiria wote na kuwaamkia kwa salamu ya kwetu, "Mbukwenyi!" Hakuna aliyeielewa na wote waliitikia.

Maji yalikuwa chini kabisa. Boti zimelala ubavu kwenye tope kama mbuzi wanaocheua. Nikahesabu maboya: kumi na moja. Nikarudia: kumi na moja. Nahodha akaniacha nimalize.

Mama alifanya alichofanya maisha yake yote mbele ya korongo lililojaa. Kwetu mvua ikinyesha mbali, korongo kavu linashuka na maji ghafla, linabeba hata ng'ombe. Unachomeka kijiti kwenye ukingo wa maji, unakaa. Maji yakikiacha kijiti, unavuka. Yakikipanda, unachoma mahindi na kusubiri. Akavunja kijiti, nikamshika mkono, akakichomeka.

Baada ya muda mfupi maji yakakizunguka. Akatazama mbinguni. Hakukuwa na wingu hata la kufutia jasho.

"Mvua imenyesha wapi?"

"Haijanyesha, bibi," nahodha akasema. "Bahari inakuja."

"Kutoka chini?"

"Kutoka chini."

Kijiti kikazama. Jani la mkoko likapita mbele yetu, likielekea bara, taratibu, bila upepo. Mama aliligeukia na kulifuata kwa macho mpaka kona. Ni mwanamke aliyeona njaa kadhaa na sikumbuki kumwona ameduwaa. "Mto unarudi kwao," akasema, kwa sauti ndogo.

Boti zile zikaanza kuinuka moja moja. Hakuna aliyezisukuma. Saa nane kamili tukaondoka, mama ameketi chini juu ya gunia lake la unga wa uwele, boya shingoni, fimbo mapajani.

Nusu ya kwanza tulishuka kuelekea baharini, kinyume na maji. Nahodha alibana ukingoni, karibu na mizizi ya mikoko, akasema katikati maji yanakimbia, pembeni yamechoka. Nikaanza kuhesabu njia panda, maana kila kijito kilifanana na kingine, nami sipendi kuingia mahali nisipojua kutoka. Nilipofika kumi na moja nikamwuliza kama nimepatia.

"Umepatia. Asubuhi, maji yakiwa yamekupwa, ungehesabu saba."

"Na ipi sahihi?"

"Zote, mzee."

Hapo nikaweka daftari mfukoni. Mtu aliyeishi kwa kuhesabu mara mbili ili zilingane, na hapa duniani kuna mahali hesabu mbili zinatofautiana na hakuna mwizi.

Kisha tukageuza kona kubwa, tukaingia mkono mwingine wa mto unaopanda bara, nahodha akapunguza injini, na maji yakatushika. Nilihisi kabisa, kama mkono chini ya boti. Mikoko ikaanza kupita yenyewe. Abiria waliokuwa wanabishana bei ya samaki wakageuka kuitazama.

Saa kumi na nusu tulifika. Maji yalikuwa yamepanda mpaka ngazi ya pili ya gati la mbao. Nahodha akaegesha. Mama akashika nguzo, akaweka mguu mzima, kisha ule wa goti, akasimama juu ya mbao kavu na viatu vyake vya kanisani. Binti alikuwa amesimama pale, mtoto ndani ya kanga mikononi mwake. "Bibi," akasema. Mama akampa fimbo aishike, akanyoosha mikono yote miwili kumpokea mtoto. Kabla hajaondoka gatini alinituma nichomeke kijiti pale maji yalipoishia jioni ile. Yalikoma saa kumi na moja.

Asubuhi nilitoka nje saa tano kasoro. Bahari haikuwepo. Mbele ya gati palikuwa na tope jeusi linalong'aa, kaa wadogo wakikimbia, na mbali sana mstari wa maji. Nilivua viatu nikashuka. Tope likanimeza mpaka pajani. Nilihesabu hatua mia tatu na ishirini na mbili kwenda, mia tatu na arobaini kurudi, na nilianguka mara tatu, mimi mwenye magoti mawili. Kila hatua niliiweka mguuni mwa mama.

Nilipopanda yeye alikuwa barazani, mtoto amelala kifuani pake. Alinitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani.

"Ndiyo saa uliyokuwa unaitaka?"

"Hiyo hiyo."

Jioni nilikwenda kukaa karibu na kijiti, saa yangu mkononi, naye akaja na fimbo yake na mtoto mgongoni, polepole, kwenye ardhi ngumu. Saa kumi na moja maji yalikuwa bado njiani. Tukangoja. Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, yakagusa kijiti.

"Yamechelewa kiasi gani?" mama akauliza.

Nikamwonyesha saa: dakika hamsini zile zile.