Maswali ya Okwi Kabla ya Mbwa

"Kwako unatokanga siku gani?" mzee Okwi alimuuliza Wilkister.

Alikuwa amesimama mbele ya kibanda cha kutengeneza baiskeli, pale njia ya vumbi ya Mundika inapoachana na lami, mkononi ameshika gorogoro, kopo la kupimia, lililojaa omena, dagaa wa ziwani, na kufunikwa kwa kitambaa. Nyuma ya kibanda mbwa mwekundu alilala ubavu juu ya gunia kuukuu, watoto wanne wakimnyonya. Wilkister alikuja kuomba mmoja. Alidhani ni jambo la dakika tano. Mamake, mtu wa Marachi, alimfundisha kwamba mbwa hachukuliwi bure: utoe kuku, au mtama, au hata sindano, la sivyo moyo wa mbwa hubaki alikozaliwa. Kwa hiyo alikuja na omena.

"Sitoki," alijibu.

"Hutoki kabisa?"

"Nikitoka ni sokoni tu. Nikirudi narudi."

Okwi alizungusha gurudumu la baiskeli iliyopinduliwa, akalisikiliza likilia. Zamani, kabla ya pikipiki, alikuwa akibeba watu kwa baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka, na miguu yake bado ilikuwa minene kama ya kijana ingawa kifua kilikuwa kimeshaisha.

"Na hapo unalalanga na nani?"

Swali gani hilo la kumuuliza mwanamke? Wilkister alimtazama usoni kutafuta kama kuna aibu. Hakuiona.

"Na kijana wangu. Anaitwa Bwire. Ana mwili."

Hakukuwa na Bwire. Wilkister alizaa wasichana wawili, mmoja yuko Kisumu, mwingine ameolewa ng'ambo, Tororo. Bwire alizaliwa papo hapo ulimini mwake, tayari ana miaka ishirini na sita na mabega mapana.

"Ua yako ni seng'enge ama ni miti? Kuna mahali kitu inaweza pitia?"

"Hakuna."

"Geti unafunga saa ngapi?"

"Linakuwa limefungwa."

Okwi alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayeweka maneno mahali pake. Wilkister akasogeza gorogoro mbele, amalize biashara aondoke.

"Hiyo rudi nayo kwanza," Okwi alisema. "Sijasema nimekupa. Mama yao hapa anaitwa Kastam kama wale wa forodha pale mpakani, hapiti mtu bila kusimamishwa, na watoto watakuwa hivyo hivyo. Lakini bado nafikiria."

Mwanamke huyu hakuwa mpenda mbwa. Miaka kumi na tisa alikuwa akienda Sio Port kila Jumanne na Ijumaa kununua omena, na ufuoni kule, samaki wakiwa wametandazwa juani juu ya nyavu, mbwa ni mwizi tu kama wezi wengine. Alijua kurusha jiwe bila kuangalia. Kumpa mbwa kazi ya kulinda omena aliona ni sawa na kumwajiri fisi buchani.

Lakini omena hiyo hiyo ndiyo ilimnunulia ploti ya Mundika baada ya mumewe kufa na shemeji zake kumwonyesha njia ya kutoka. Alijenga vyumba viwili na stoo. Aliishi pale peke yake, na upweke wake aliuficha kama wengine wanavyoficha pesa. Alianika kamba nzima ya nguo hata alipofua moja, na aliacha viatu vya kiume mlangoni, namba kumi, alivyonunua mtumba kwa kazi hiyo tu.

Kisha wiki tatu nyuma, Ijumaa, alirudi akakuta kufuli la stoo limetazama ukutani. Halikuwa limevunjwa. Lilikuwa limeshikwa tu, likajaribiwa, likaachwa. Kwenye tope kulikuwa na alama ya patipati, ndara ya mpira, iliyolika upande mmoja. Tangu siku hiyo alitazama miguu ya kila mtu. Alitazama miguu ya padri. Kusikia gunia likiteleza stoo kulitosha kumwondolea usingizi, na asubuhi akienda Sio Port roho ilibaki nyumbani, mwili ukabishana bei peke yake.

Ndipo rafiki yake Trizah, waliyeuza naye meza moja soko la Busia, akamwambia atafute mbwa, na akamtaja Okwi. Kesho yake baada ya kuonana na Okwi, alimrudia Trizah na lawama.

"Huyo mzee wako anapima nyumba yangu," alisema. "Ameniuliza natoka siku gani. Nalala na nani. Geti nafunga saa ngapi. Huyo ni mtu wa mbwa ama ni mtu wa kuiba?"

Trizah alikuwa akipepeta mchanga kutoka kwenye omena. "Labda anataka kukuoa."

"Trizah."

"Nini? Mzee ako na miguu mizuri." Akacheka peke yake, kisha akaacha. "Dada, wewe hata kuku zako unazishuku. Omena alichukua?"

"Alikataa."

Mikono ya Trizah ikasimama juu ya ungo. "Alikataa kabisa? Eh. Hiyo sasa si nzuri. Kama hajachukua kitu, mbwa si bado ni yake? Hata akikupa, siku atakuja kwako, mbwa itamkimbilia itingishe mkia. Itamwonyesha hadi mlango."

Alisema hivyo kama mtu anayesema lolote ili mazungumzo yasonge. Lakini kwa Wilkister neno halikuanguka bure. Alilibeba siku nzima, na jioni lilikuwa limeota miguu, na miguu hiyo ilikuwa imevaa patipati iliyolika upande mmoja. Alijaribu kukumbuka Okwi alivaa nini. Alikumbuka mikono yenye grisi, kifua, gurudumu. Miguu hakuiona, ilikuwa nyuma ya baiskeli.

Jumatano alipita kibandani kwa makusudi.

"Mzee, kesho sipo. Niko na matanga Butula, nitaenda asubuhi nirudi jioni."

"Na Bwire?"

"Atakuwepo," alisema, na akaona jicho la mzee likitua juu yake muda mrefu kidogo kuliko inavyopasa. Safari hii aliangalia chini. Okwi alikuwa amevaa viatu vya plastiki, vile vya shamba. Haikumpa amani. Mtu anaweza kuwa na viatu jozi mbili.

Alhamisi asubuhi alivaa nguo nzuri, akatoka, akawaamkua majirani kwa sauti. Akazunguka kwa njia ya mashamba, akarudi kupitia upenyo wa nyuma wa ua, upenyo aliokuwa amemwambia Okwi haupo. Geti aliliacha limeegeshwa. Akaingia chumbani, akavuta pazia, akaketi juu ya debe lililogeuzwa na panga mapajani.

Asubuhi ina saa ndefu mtu akizisubiri. Jua lilipanda, mabati yakaanza kulia. Kuku walikuja mlangoni wakaondoka. Wilkister alianza kuona haya, mwanamke mzima amejificha nyumbani kwake kama mdeni, na hapo hapo ndipo aliposikia.

"Hodi hapa."

Hakujibu. Mwizi wa mchana hubisha hodi kuliko mgeni.

"Hodi wenyewe."

Geti likasukumwa. Okwi akaingia, mikono nyuma, akasimama katikati ya uwanja akitazama. Hakutazama nyumba. Alitazama ua, akaufuata polepole kuanzia kona hadi kona, akiinama mahali mahali, hadi kwenye upenyo wa nyuma. Pale akapiga magoti, akaingiza mkono, akautoa. Ndiyo hivyo, Wilkister aliwaza, ameupata. Mzee akainuka, akaenda upande wa stoo. Hakugusa kufuli. Alisimama penye kivuli cha ukuta, akapiga ardhi kwa kisigino mara tatu, kama anayetafuta pagumu. Kisha akapaza sauti.

"Bwire. Bwire, kijana."

Wilkister akatoka na panga.

Okwi aliruka nyuma hatua moja. Kisha akasimama imara, na cha ajabu, uso wake ulikuwa na hasira kuliko woga.

"Kumbe hukuenda matanga."

"Unatafuta nini kwangu?"

"Natafuta Bwire."

"Wa nini?"

"Si ndiye atabaki na mbwa ukienda Sio Port? Kila mtu anajua unaenda Sio Port, mama. Jumanne na Ijumaa, unanipita pale na mabeseni. Ukaniambia hutoki. Nikajiuliza, huyu ananidanganya kwa nini? Anataka mbwa ya kufanyia nini?" Alionyesha upenyo kwa kidevu. "Na hiyo umesema haiko. Mtoto wa mbwa atapita hapo siku ya kwanza, apatikane kwa barabara amekanyagwa na trela."

Panga lilikuwa limeshuka lenyewe.

"Nilipeana moja mwaka jana," Okwi aliendelea, sauti imepungua. "Mtu wa huku huku, sitamtaja. Alichukua, akanipa kuku mzuri, nikafurahi. Akamfunga na waya ya stima. Mwenyewe akaenda Kampala wiki mbili. Kastam ndiye alinipeleka hapo, akilia njia yote. Nilimpata ile waya imeingia shingo." Akatazama mikono yake. "Nilikuwa nimekula kuku yake. Sasa ningesema nini? Kwa hivyo siku hizi sichukui kitu ya mtu kabla sijaona analala wapi. Nikichukua, siwezi kumrudisha."

Wilkister aliketi kwenye kizingiti. Sehemu yake moja bado ilimpima mzee: hadithi inaweza kutungwa, yeye mwenyewe ametunga mtu mzima. Lakini alijua pia kwamba kama atataka mbwa, lazima aseme lile ambalo miaka sita hajamwambia mtu yeyote Mundika.

"Hakuna Bwire," alisema. "Niko peke yangu."

Okwi hakuonyesha kushangaa. Aliangalia viatu vikubwa mlangoni, akaangalia kando.

"Basi Jumanne na Ijumaa nani atampa maji?"

"Sijui."

"Miezi miwili ya kwanza hawezi kukaa kutwa bila mtu. Mimi hupita hapa saa saba nikienda kula. Ninaweza kuingia. Lakini hilo geti itabidi niwe na ufunguo."

Hapo ndipo mashaka yake yote yalipokuwa yakimngoja, na yalikuwa na haki. Mtu anayejua tu siku zake ni hatari. Mtu anayezijua na ana ufunguo je?

"Nipe hadi Jumapili," alisema.

Jumapili alikuja kibandani na ufunguo umefungwa kwenye pindo la leso, lakini Okwi alikataa kuupokea.

"Hivyo hapana. Mbele ya mtu. Kitu ikipotea kwako, wa kwanza kushikwa ni nani? Mimi, mzee wa Kiteso niliyekuwa na ufunguo wa mwanamke mjane. Mimi pia sikujui, mama."

Ilimkera, kisha ikampoza kuliko kiapo chochote ambacho mzee angeweza kula. Mtu anayeogopa kushukiwa angalau ana kitu cha kupoteza. Trizah akaitwa, akaja na kanga ya kanisani, akasimama shahidi bila kucheka hata kidogo. Wilkister alitoa ufunguo wa geti. Wa stoo ulibaki kifuani mwake, na hakuna aliyeuuliza. Okwi akapokea omena. Akakiinua kitoto cha kike, chekundu kama mamake, akampa Wilkister kwa mikono miwili. Upenyo wa ua ulikuwa umezibwa kwa mabati tangu Ijumaa.

Jumanne ya kwanza hakwenda Sio Port. Alisema anaumwa kichwa. Ijumaa alienda. Alinunua vibaya, akachukua omena yenye mchanga, akapanda pikipiki mapema. Njia nzima aliona mlango wa stoo uko wazi.

Geti lilikuwa limefungwa. Alipolifungua, kitu chekundu kilitoka mbio penye kivuli, kikasimama miguu imepanuka, kikambwekea kwa sauti nyembamba iliyokatika katikati. Nyuma yake bakuli la maji lilikuwa limejaa, na mlango wa stoo ulikuwa umefungwa. Wilkister akapiga hatua. Kitoto kikarudi nyuma, kikabweka zaidi. Kilikuwa kimemwona siku tano tu, na leo alikuwa ametoka mbali, amebeba mzigo kichwani, ananuka ziwa.

"Ni mimi," alisema.

Haikutosha. Akatua beseni, akachuchumaa hapo getini, akanyoosha mkono, akangoja kije kimnuse.