Kidole Kilichotulia Juu ya Pasi

Pua yangu haijawahi kunidanganya. Mke wa dobi anajua harufu ya pamba ikianza kuungua, anajua na ya nailoni, na hata akiwa chumba cha pili hazimchanganyi. Ile ya asubuhi ile sikuijua. Nilikuwa nyuma naanika mashuka, nikapiga kelele: "Kola! Unaunguza shati la mwalimu!"

Watu wote wanamwita mume wangu Kola, kwa sababu shati likitoka mikononi mwake kola inasimama yenyewe. Akanijibu bila wasiwasi wowote, "Shati gani tena? Hata sijaanza."

Nikaingia. Mezani hapakuwa na nguo. Mume wangu kasimama, uso kauelekeza dirishani, anamsikiliza mteja anayeeleza habari ndefu za suti yake, na kidole chake cha shahada kiko juu ya pasi. Kimetulia pale. Moshi unatoka. Mama yangu wee! Nilimvuta mkono kwa nguvu mpaka nikadhani nimemng'oa bega. Ngozi ya ncha ya kidole ikabaki kwenye chuma. Akanitazama mimi, akakitazama kidole, akasema, "Kumbe ni mimi."

Basi, hivyo tu. Mteja akaiacha suti yake akaondoka bila kuaga.

Madobi wa zamani hawapimi moto wa pasi kwa kile kigurudumu chake, wanakiona utani mtupu. Wanalamba kidole, wanagusa chuma mara moja, chwi!, wameshajua kama moto huo ni wa hariri au wa khaki. Kola amefanya hivyo miaka ishirini na miwili. Maumivu ndiyo yanayomwambia aondoe kidole, na siku ile hayakuja.

Nilimkalisha kitini nikampa vidonge vyake vya maneno. Ndipo akasema yote. Tangu kioo cha dirisha kilipomkata kifundo cha mkono wa kulia, miezi minne nyuma, dole gumba na vidole viwili vinavyofuata havikusikia kitu. Kule zahanati walimshona nyuzi saba, kidonda kikapona vizuri kabisa, hakuna aliyemgusa vidole kumuuliza. Naye akajikaza kisabuni, akisema ni ganzi tu, itaondoka. Miezi minne! Pasi alikuwa akiigusa huku anakitazama kidole, na siku ile macho yakawa kwa mteja. Nguo zenye vifungo alikuwa ananisukumia mimi, eti macho yake yamechoka. Nami nikamwamini, mjinga mimi.

Hospitali kubwa tulipokewa na daktari wa upasuaji, msichana ambaye ningeweza kumzaa. Akamgonga taratibu juu ya kovu. Kola akaruka kama aliyeshika waya wa umeme.

"Hapo ndipo mshipa wa fahamu ulipokatika, baba," akasema. "Walishona ngozi juu, chini yake mshipa ukabaki vipande viwili. Sasa vimejivuta, havifikiani tena. Nitachukua kipande cha mshipa mguuni, niunganishie hapa."

Nilisimama. "Mguuni? Mguu nao umekosa nini?"

Alicheka, lakini maneno hakuyabadilisha. Ukingo wa mguu utakufa ganzi, kutembea atatembea. Mshipa ukikubali utaota, kama milimita moja kwa siku, mpaka ncha za vidole.

"Na usipokubali?" nikauliza.

"Mkono huu utabaki wa kubebea ndoo, mama. Mmechelewa kuja. Siwaahidi."

Mkono wa kubebea ndoo, kwa mtu anayejua kitambaa kwa kukipapasa! Tulipofika nje Kola akanishika kanga kwa mkono wa kushoto, kama anayeogopa nitamwacha njiani.

Alipasuliwa kwa saa nne, chini ya hadubini, kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Bandeji ilipotolewa, tulifundishwa kuufuatilia ule mshipa. Kila Ijumaa asubuhi nilimgonga kiganja, kuanzia vidoleni kurudi nyuma, na pale aliporuka, ndipo mshipa ulipofikia, tukaweka nukta kwa kalamu ya wino usiotoka, ile tunayowekea alama nguo za wateja. Nukta zikapanda. Kuna wiki tatu nzima nukta haikusogea hata kidogo. Wiki ya nne ikasogea. Nilipiga vigelegele peke yangu uani.

Mwezi wa saba baada ya upasuaji, mama wa mazoezi, yule anayefundisha mikono kufanya kazi upya, alimwambia afumbe macho. Akamgusa kidole cha kati kwa ncha ya penseli.

"Nasikia!" Kola akapaza sauti, meno yote nje. "Cha shahada!"

Akamgusa cha shahada. "Dole gumba!"

Nilishika kichwa. "Yule binti daktari kakosea kuunganisha waya!"

"Hajakosea," mama wa mazoezi akasema. "Nyuzi za mshipa ni maelfu. Zimeota, ila nyingine zimeingia nyumba isiyo yao. Sasa kichwa chake kijifunze upya. Mguse akiangalia, kisha mguse akiwa amefumba. Kila siku. Kichwa kikikataa, vidole hivi havitamfaa kazini."

Basi tukawa tunakaa mezani kila asubuhi kabla ya kuwasha pasi, mimi nagusa, yeye anakosa. Wiki tano anakosa. Nilimtania, nikamfokea, nikambembeleza. Asubuhi moja alikosa mara tisa mfululizo, akaficha mkono kwapani.

"Niache, mke wangu. Nitabeba ndoo."

Sijawahi kumsikia akisema hivyo. Nikauchomoa ule mkono, nikautandaza mezani, nikasema kwa sauti ya kawaida kabisa, hata na ukali kidogo, "Fumba macho, acha maneno mengi."

Akafumba. Nikaweka ncha ya kidole changu juu ya kidole chake cha kati, nikabana pumzi.

"Cha kati," akasema. Kisha, macho bado kayafumba: "Mbona unatetemeka?"

Sauti yangu haikuwa imetetemeka, wala kiti, wala meza. Hakuna mahali pengine alipoweza kujulia isipokuwa kwenye ncha ya kile kidole chake.